Mfahamu boa, nyoka mkubwa asiyetaga mayai

BOA ni nyoka mkubwa asiye na sumu, ambaye asili yake ni misitu na nyika za Amerika ya Kusini, katika nchi kama Brazil, Colombia na Argentina. Jina lake la kitaalamu, Boa constrictor, alipewa na mwanasayansi wa Sweden, Carl Linnaeus, mwaka 1758.

Kwa umbo anashabihiana na chatu wa Afrika, na wengi huwachanganya. Tofauti iliyo wazi ni uzazi: chatu hutaga mayai, ilhali boa huzaa watoto hai, mara nyingi zaidi ya 20 kwa mara moja. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa karibu nusu mita na hujitegemea tangu siku ya kwanza. Akikomaa hufikia mita mbili hadi tatu.

Boa huwinda zaidi usiku, akila panya, ndege, popo na mijusi. Hudaka windo kwa meno, kisha hulizungushia mwili na kulibana. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa windo hufa kwa kukosa pumzi. Hata hivyo, utafiti wa wanasayansi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mbano huo husimamisha mzunguko wa damu ya panya katika sekunde chache.

Katika Marekani na Ulaya, boa hufugwa majumbani. Huhitaji kizimba imara kinachofungwa barabara, chenye upande wa joto la nyuzi 32 hivi na upande wa nyuzi 26, mahali pa kujificha na maji safi. Nyoka mkubwa hulishwa panya aliyekufa mara moja kwa wiki kadhaa, wala hashikwi kwa siku mbili baada ya kula. Aliyezidi mita mbili hashughulikiwi na mtu mmoja peke yake.

Tatizo ni kwamba wengi humnunua akiwa mdogo, wakisahau kuwa huishi miaka 20 hadi 30. Boa mmoja wa bustani ya wanyama ya Philadelphia, aliyekufa mwaka 1977, aliishi zaidi ya miaka 40.

Anayemchoka hupata kishawishi cha kumwachia porini. Katika kisiwa cha Aruba, ambako boa si mwenyeji, nyoka hao waligunduliwa mwaka 1999, na inasadikiwa walitokana na waliofugwa. Tangu hapo wamezaliana na kushambulia ndege na mijusi wa kisiwa hicho, na juhudi za kuwaangamiza hazijafua dafu.