Chanjo ya HPV: Dozi moja yatosha

Saratani ya mlango wa kizazi iliua wanawake wapatao 350,000 duniani mwaka 2022, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Karibu visa vyote hutokana na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Aina mbili, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo.

Mjerumani Harald zur Hausen, aliyegundua uhusiano huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2008.

Chanjo ya kwanza iliidhinishwa mwaka 2006. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana nchini kote mwaka 2011, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019.

Awali zilihitajika dozi tatu, kisha mbili, jambo lililoongeza gharama na kuwaacha baadhi ya wasichana bila kukamilisha chanjo.

Utafiti uliofanyika Kenya kwa wanawake 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20 ulibaini kuwa, baada ya miezi 18, dozi moja ilitoa kinga ya zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina hizo mbili. Utafiti mwingine ulifanyika Mwanza, Tanzania, kwa wasichana 930.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliridhia dozi moja kwa wasichana. Tanzania iliufuata utaratibu huo mwaka 2024.

Hata hivyo, chanjo hukinga lakini haitibu. Wanawake, hata waliochanjwa, bado wanapaswa kupimwa, kwani dalili za awali zikigunduliwa mapema hutibika.