Wavu wa jicho: historia fupi ya mayopia kali

Kama ulishawahi kufika Feri asubuhi, utakuwa umewaona wavuvi wamekaa chini wanashona nyavu. Tundu dogo tu, lakini mtu haendi baharini kabla hajaliziba. Akiliacha litaongezeka, na samaki watatokea hapo hapo.

Sasa tuje kwenye wavu mwingine. Nyuma ya jicho lako kuna utando mwembamba unaopokea mwanga na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Unaitwa retina, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya wavu. Waarabu nao wanauita kwa jina la wavu. Ukivaa miwani ya kutoona mbali ya namba -6 au zaidi, wavu wako uko kwenye hatari kubwa ya kuchanika kuliko wa watu wengine.

Jicho lililorefuka

Katika miaka ya 1850, daktari Carl Ferdinand von Arlt wa Prague alichunguza macho ya marehemu waliokuwa na mayopia, akakuta ni marefu kuliko kawaida. Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Likizidi hapo kwa milimita moja tu, namba ya miwani inapanda kwa karibu 2.5 hadi 3. Picha inaangukia mbele ya retina, ndiyo maana bila miwani huwezi kusoma jina la kivuko kinachotoka Kigamboni.

Miwani inarudisha picha mahali pake, ila haifupishi jicho. Retina inaendelea kuvutwa kama puto na kuwa nyembamba. Pembeni inaweza kuchanika, majimaji ya ndani ya jicho yakapenya kwenye tundu na kuibandua, kama rangi inavyobanduka kwenye ukuta ulioingiwa na maji. Sehemu iliyobanduka inakosa lishe na kuanza kufa. Hata katikati ya retina, tunapotegemea kusoma na kutambua sura, inaweza kuota mishipa dhaifu inayovuja damu. Hapo mtu anaanza kuona mistari iliyonyooka kama imepinda.

Kuona si kutibu

Mwishoni mwa 1850, Mjerumani Hermann von Helmholtz, akiwa na miaka 29, alibuni kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho. Madaktari wakaanza kuiona retina ya mtu aliye hai, hata iliyobanduka, lakini hawakuwa na la kufanya.

Kutoka Feri, ukiipita Ikulu na kufuata ufukwe, utafika Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897. Mwaka ule, gavana wao mwenyewe angebanduka retina, asingepona hapa wala Berlin. Tiba ilikuwa kulazwa kitandani wiki nyingi bila kutikisika. Mwaka 1912 daktari Vail wa Marekani aliwauliza wenzake wamefanikiwa kiasi gani. Jibu: mgonjwa 1 kati ya 1,000.

Aliyegeuza mambo ni Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi. Wengi waliona tundu ni matokeo tu ya retina kubanduka. Gonin akasema hapana, tundu ndilo chanzo. Akawa analitafuta, anapima lilipo, kisha analichoma kwa chuma cha moto ili kovu lizibe. Alianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1910, lakini ni kwenye mkutano wa kimataifa wa Amsterdam, mwaka 1929, ndipo wenzake walipomkubali. Kumbe alichofanya ni kile kile cha mshona nyavu wa Feri.

Na wewe je?

Leo tundu linaweza kuzibwa kwa leza kabla retina haijabanduka, na iliyobanduka inarudishwa kwa upasuaji. Tatizo letu ni kuchelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wa wanafunzi 2,511 wa sekondari Mwanza, ulikuta asilimia 5.6 wana mayopia, na wengi wenye shida ya kuona hawakuwa na miwani. Kama hata miwani hana, nani atamchungulia retina?

Mimi mwenyewe navaa -8. Kwa miaka mingi nilibadilisha lenzi tu, sikuwahi kuomba niangaliwe nyuma ya jicho. Na ile miwani ya kusomea inayouzwa barabarani Kariakoo haituhusu kabisa, ni ya wasioona karibu.

Kwa hiyo, kama namba yako ni kubwa, nenda kwa daktari bingwa wa macho, Muhimbili, CCBRT au popote alipo. Mwombe akuwekee matone ya kutanua mboni aichunguze retina yote. Na siku ukiona ghafla vidoti vyeusi vingi vinaelea, mwanga unamulika pembeni kama radi, au pazia jeusi linashuka, usisubiri mwisho wa mwezi. Haiumi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Nenda siku hiyo hiyo.