UZI: Zile F-5 za Nanyuki, na swali ambalo kwenye mdahalo huwa haliulizwi

Kila msimu wa midahalo lazima mtu aulize: mbona tununue ndege za vita na hospitali hazina dawa? Mwingine anajibu ati usalama hauna bei. Pande zote mbili zinapigiwa makofi, tunaenda kulala. Hebu leo tuangalie ndege yenyewe, F-5, maana Kenya imekaa nayo tangu 1978.

Miaka ya 1950 ndege za kivita za Marekani zilikuwa zinazidi kuwa kubwa, nzito na ghali. Kampuni ya Northrop ikaenda njia yake. Ikachukua J85, injini ndogo ya General Electric iliyoundiwa chombo cha kuhadaa rada, kile ambacho B-52 ingekiachilia hewani ili adui adhani ni ndege nyingine. Ikafunga injini mbili za aina hiyo kwenye jeti nyembamba, nayo ikaruka mara ya kwanza Julai 1959. Jeshi la anga la Marekani halikuwa na haja nayo sana. Mwaka 1962 ikachaguliwa kuwa ndege ya kupewa nchi rafiki kupitia msaada wa kijeshi. Yaani tangu utotoni F-5 ilikuwa ndege ya kutafutia marafiki.

Toleo la F-5E liliruka 1972. Spidi yake inafika mara 1.6 ya sauti. Ina mizinga miwili ya milimita 20 puani, makombora ya Sidewinder kwenye ncha za mabawa, na inabeba karibu tani 3 za mabomu, roketi na matangi ya mafuta. Hiyo ndiyo maana ya ndege ya kazi nyingi: asubuhi inafukuzana na ndege ya adui, jioni inapiga ardhini, mafundi wakibadilisha tu kile kinachoning'inia chini yake. Ina udhaifu pia. Rada yake haioni mbali, na ukiijaza mabomu haiendi safari ndefu.

Sasa njoo nyumbani, 1976. Somalia na Uganda zote zina MiG za Kisovieti. Mwezi wa Februari rais wa Uganda wa wakati huo anadai ati sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni yake. Somalia nayo ina ramani inayomeza kaskazini mashariki yetu. Kenya ina Hunter chache zilizotumika Uingereza. Mwaka huohuo ikakubaliana na Marekani kuhusu F-5 12, zikafika 1978. Kwa hofu ya wakati ule, mimi siwezi kuwalaumu.

Jibu la kama F-5 ingeweza MiG lilitoka kwa jirani. Mwaka 1977 Somalia ilivamia Ogaden, na F-5E za Ethiopia zikaangusha MiG za Somalia, zikiwemo MiG-21 ambazo kwa spidi zinaishinda F-5. Marubani wa Ethiopia walikuwa wamefunzwa vizuri, na hilo lilipita spidi. Lakini soma sehemu ya pili: mwaka huohuo Marekani ilisimamisha msaada wake wa kijeshi kwa Ethiopia kwa sababu za kisiasa. Ndege inashinda angani huku mlango wa spea unafungwa. Iran nayo ilikatiwa baada ya mapinduzi ya 1979, ikabidi ijifunze kujitengenezea.

Za kwetu zilikuwa na historia yao. Agosti 1, 1982, waasi waliwashikia bunduki marubani wa Nanyuki ili wakapige Nairobi mabomu. Marubani wakaenda kuyamwaga kwenye msitu wa Mlima Kenya. Jeshi la anga likavunjwa, na hadi 1994 likaitwa Jeshi la Anga la '82. Kwa hivyo mtu akisema silaha ni ya kutisha maadui wa nje pekee, mkumbushe Nanyuki.

Baadaye kukaja zogo la F-5 15 zilizotumika Jordan. "Mitumba!" ndilo neno lililovuma. Tuseme ukweli, umri peke yake si hoja. Hata jeshi la majini la Marekani lilinunua F-5 zilizotumika Uswisi, za kuigiza adui katika mafunzo. Ila wao wana viwanda na mafundi hapohapo kwao. Sisi tunaagiza.

Halafu Oktoba 2011 majeshi yetu yakaingia Somalia, na F-5 zikatumwa kupiga kambi za al-Shabaab, adui ambaye hana hata ndege moja. Jeti iliyonunuliwa kwa kuogopa MiG haikuwahi kupigana na MiG. Zaidi ya miaka 30 baadaye ikafanya kazi ile nyingine, na iliweza kwa sababu iliundwa kwa zote mbili.

Hapo ndipo bei inayotajwa mdahaloni hainitoshi. Ukinunua jeti umeingia kwenye uhusiano wa miaka 40 na anayekuuzia: spea, mafunzo, silaha, ruhusa. Mgombea akiahidi ndege mpya, au akiahidi kuziuza zote tujenge zahanati, ukipewa maikrofoni muulize: gharama ya kuzirusha kwa mwaka ni ngapi, spea zinatoka wapi, na siku tukikosana na muuzaji zitaruka kwa muda gani?