Kungoja Matrikule: Historia ya Kazi ya Mwanasayansi Bukavu

Ukitoka Bukavu kuelekea kaskazini, ukapita Mudaka, Miti na Kavumu penye uwanja wa ndege, unafika mahali pa kuiacha barabara ya Katana na kupanda kushoto, upande wa msitu wa Kahuzi. Huko juu ndiko Lwiro. Mgeni hushangaa: kijijini, kati ya mashamba ya mihogo na maharagwe, pamesimama majengo makubwa yenye matao na ua mpana, maktaba, maabara na nyumba za watafiti. Wabelgiji waliyajenga kwa ajili ya IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi katika Afrika ya Kati iliyoundwa mwaka 1947. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Louis van den Berghe, profesa wa magonjwa ya nchi za joto kutoka Antwerp. Uvira kulikuwa na kituo cha kuchunguza Ziwa Tanganyika, Astrida, ambayo baadaye iliitwa Butare, kituo cha sayansi za jamii, na Lwiro ikawa makao makuu.

Wengi wa vijana wa Bukavu wanaosomea biolojia, kilimo au fizikia hufika pale katika ziara ya masomo, wakarudi mjini na ndoto. Mimi nilirudi nayo. Leo nafundisha biolojia hapa Bukavu, na wanafunzi wakishatetea memwari zao huanza kunijia na farde mkononi: nakala ya diploma, barua ya kuomba kazi, sivii, kadi ya mtafuta kazi kutoka ONEM, ofisi ya taifa ya ajira. Wanazunguka kwanza, wanaulizia hali ya watoto, halafu swali linatoka: mama, mimi nimekosea wapi? Ninaandika historia hii kwa ajili ya swali hilo. Wengi wao hawajakosea popote. Wameingia katika jambo lililoanza kabla wazazi wao hawajaoana.

Lwiro haikujengwa ili Mkongomani awe mtafiti. Chuo kikuu cha kwanza nchini, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954, na uhuru ulipofika mwaka 1960 Wakongomani wenye shahada walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa namna hii. Watu wa Kabare na Katana waliajiriwa Lwiro kukamata panya na vyura, kukausha mimea, kuosha chupa, kutafsiri, kusoma kipimo cha mvua kila asubuhi. Baba yangu mkubwa alianza hivyo, kijana aliyetoka shule ya mapadri na mwandiko mzuri. Alifahamu miti ya Kahuzi kwa Mashi na kwa Kilatini, na hakuna makala hata moja yenye jina lake.

Utafiti uliofanyika ulikuwa wa kweli, na lazima tuuheshimu. Miaka ya 1960, Delange, Ermans na wenzao walichunguza rovu katika kisiwa cha Idjwi. Waliona kwamba upande wa kaskazini watu wengi walikuwa na uvimbe wa shingo, na kusini-magharibi wachache sana, ingawa pande zote mbili madini ya joto yalikuwa haba. Kwa hiyo uhaba wa madini peke yake haukutosha kueleza ugonjwa, na baadaye mihogo ikatajwa miongoni mwa sababu. Madaktari wa dunia nzima wamejifunza kutoka Idjwi. Lakini kulikuwa na mtu aliyezungumza Kihavu na akina mama mlangoni, akawaeleza kwa nini mgeni anataka mkojo wa watoto wao. Huyo simwoni kwenye orodha ya waandishi.

Kuna mfano mwingine, nao naupenda. Daniel Biebuyck alifanya kazi chini ya IRSAC miaka ya 1950, na mwaka 1956 alimsikiliza Candi Rureke akisimulia utenzi wa Mwindo kwa lugha ya Kinyanga. Kitabu kilipotoka mwaka 1969, jalada lilikuwa na majina mawili, la Biebuyck na la Kahombo Mateene, Mkongomani mtaalamu wa lugha, na msimulizi Rureke alitajwa ndani. Kwa hiyo hata wakati ule iliwezekana kumtaja mtu.

Baada ya uhuru mlango ulifunguka kwa muda. Waliosoma sayansi Kisangani au Lubumbashi walirudi Kivu wakapata ofisi, nyumba na mshahara. IRSAC ikageuka IRS mwaka 1975, na baadaye CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi asilia. Mlango ulijifunga polepole: bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, biashara zilizonyang'anywa wageni tangu 1973 zilikufa, na miaka ya 1980 serikali ilibanwa kupunguza matumizi. Mwaka 1990, baada ya wanafunzi kuuawa kampasi ya Lubumbashi, Ubelgiji ulisimamisha ushirikiano wake na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Mshahara wa mtafiti ulikuwa umekuwa karatasi.

Hapo ndipo ilipokomaa desturi ambayo vijana wanaikuta leo. Kituo au chuo kinampokea mwenye diploma, kinampa kazi, hata cheo cha asistanti, lakini hana namba ya matrikule, na bila matrikule hayumo kwenye listi ya mishahara ya serikali. Anaitwa N.U., Nouvelle Unité. Anafundisha, anasahihisha, anapanda mlimani kukusanya wadudu, na anangoja. Wapo walioingia N.U. wakiwa vijana wembamba na wakapata matrikule wakiwa na watoto sekondari. Wapo waliozikwa bila kuipata.

Baba mkubwa aliendelea kusoma kipimo cha mvua hata mshahara ulipokoma. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu, "Mvula haingojaka mushahara, mutoto yangu. Nikiacha siku moja, mwaka muzima unaharibika." Aliyasema hayo akifuta miwani, bila kulalamika, na siku ile sikumwelewa.

Mimi nilimaliza masomo wakati wa vita vya 1998. Siku ya kutetea nilimwagiwa poda kichwani, mtaa mzima wa Kadutu ukaimba. Watu wa nje hawajui uzito wa poda ile. Inamaanisha kwamba familia imeshalipa minervali, karo ya masomo, na sasa wadogo zako wanakutazama wewe. Nikapeleka dosie kwenye kituo kimoja. Aliyepokea alinitazama kwa upole, akasema, "Tutakuita." Hawakuita. Baadaye nafasi ile nikaiona kwa mtu aliyekuwa na mtu wake ndani. Kukataliwa kwa barua ningeweza kukuvumilia. Kilichonitesa ni kimya, kwa sababu kimya kinamfanya mtu ajitafutie mwenyewe kosa, na usiku haukosi kulipata.

Mjini kulikuwa na kazi ya aina nyingine. Tangu wakimbizi wa Rwanda walipofika mwaka 1994, mashirika ya misaada yalijaa mitaa ya Muhumba na Nguba, na sisi wenye diploma tulisimama mbele ya valve zao tukisoma matangazo. Mkemia akawa mtunza ghala, mwanafizikia akawa mhesabu magunia. Wengine tulikuwa ba-enketeri: unalipwa kwa siku, unapanda Kalehe au Walungu na karatasi za maswali, ukirudi unazikabidhi, na ripoti inaandikwa Ulaya. Ni kazi ya halali na ilinilisha. Lakini ndiyo kazi ya baba mkubwa, imebadilishiwa nguo tu. Nafurahi kwamba miaka ya karibuni watafiti wa hapa na wenzao wa nje walilisema jambo hili wazi katika maandishi ya Bukavu Series, wakaeleza hatari na dharau anazobeba anayekusanya habari kwa niaba ya mwingine.

Na wapo waliofanya sayansi katikati ya yote hayo. Augustin Basabose wa Lwiro alifuatilia sokwe wa Kahuzi, wanakula nini na mwezi gani, na mwaka 2002, nchi ikiwa bado imegawanyika, makala yake kuhusu chakula cha sokwe hao ilitoka katika jarida la kimataifa. Goma, Dieudonné Wafula na wenzake wa kituo cha kuchunguza volkeno, tawi lililotokana na watafiti wa Lwiro, walikuwa na mashine chache tu za kupima mitetemeko. Walisoma walichokuwa nacho, na kabla ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002 Wafula alikuwa ametoa onyo. Lava ilipita katikati ya mji. Waliomsikiliza walikuwa wachache, lakini onyo lilikuwepo, kwa sababu mtu asiye na uhakika wa mshahara hakuacha kusoma mashine.

Sisemi hivi ili serikali ipate wanasayansi wa bure. Mtu anayefanya kazi alipwe. Mwaka 2021 Nyiragongo ililipuka tena bila onyo, baada ya kituo cha Goma kupoteza fedha za Benki ya Dunia na kukaa miezi bila intaneti ya kupokea vipimo. Uvumilivu wa mtafiti haulipii intaneti.

Kilichonivusha mimi ni watu. Tulikuwa kikundi cha wenye diploma, tukikutana Jumamosi nyumbani kwa mwenzetu, mtaa wa Nyawera. Tulikuwa na likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, na anayepokea alitoa kidogo kwa ajili ya nakala na usafiri wa dosie. Tulikubaliana kwamba anayeliona tangazo halifichi. Tulisahihishana barua, tukasoma makala ya zamani ya Lwiro na kubishana juu yake. Mmoja alipima maji ya mto Kawa kwa vifaa vya kuazima, bila kuagizwa na mtu. Aliyekataliwa alisema pale pale, mbele ya wote, na hakuna aliyemhurumia kwa maneno mengi. Tulimpa tangazo lingine. Nafasi niliyo nayo leo niliisikia kutoka kwa mwanachama wa kikundi hicho, naye alikuwa ameiomba pia.

Februari 2025, Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Benki zilifungwa, ndege za Kavumu zilisimama, na miradi mingi iliyotegemea fedha za Marekani ilikuwa imeshaanza kukatwa. Wanaomaliza sasa wanaingia katika wakati mgumu kuliko wangu. Kwao nasema: tafuteni wenzenu kabla ya kutafuta valve, na msikabidhi data mliyoikusanya bila kuuliza jina lenu litaandikwa wapi. Na kwenu wakuu wa vituo, vyuo na mashirika: mjibuni aliyeomba kazi. Mistari miwili, sahihi na tarehe, hata kama jibu ni hapana.