Miaka 100 ya Leica: Zumu za mamilioni zimefika Kibaha, praimu haijang'oka

Mwaka 2025 ilitimia miaka 100 tangu kampuni ya Leitz ya Ujerumani ilipoionyesha kamera ya Leica kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, Machi 1925. Kamera hiyo ndogo, kazi ya fundi Oskar Barnack, ilikuja na lenzi moja tu ya milimita 50 iliyobuniwa na Max Berek. Haikuwa zumu wala haikuchomoka.

Mkoani Pwani kumbukumbu hiyo ilipita kimya, na sababu naielewa: wapiga picha wetu wana ubishi wao. Kaa nao Maili Moja au Picha ya Ndege mjini Kibaha, au panda nao hadi Kisarawe siku ya kumtoa mwali, utausikia tu. Je, zumu ya bei mbaya inaweza kuchukua nafasi ya praimu?

Kwa asiyeshika kamera, praimu ina urefu mmoja: ukitaka bibi harusi awe karibu, unasogea wewe. Zumu unazungusha pete, anasogea yeye.

Zamani hapakuwa na ubishi, kwa sababu hapakuwa na zumu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930 wakati kila studio ya pwani ilitegemea lenzi isiyovutika. Nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilipoanza mradi wa elimu Kibaha mwaka 1963, hali ilikuwa karibu ile ile. Sweden ndiyo nyumbani kwa Hasselblad, kamera iliyotua mwezini na Apollo 11 Julai 1969 ikiwa na lenzi ya milimita 60 isiyovutika. Miezi sita baadaye, Januari 1970, mataifa yale manne yaliukabidhi mradi wa Kibaha kwa serikali yetu.

Brian Tetley, aliyeandika maisha ya Mohamed Amin, anamweleza kijana aliyekulia Dar es Salaam, akaanzisha Camerapix mwaka 1963 na mwaka uliofuata akanasa Mapinduzi ya Zanzibar. Ninachokiona katika maisha hayo ni miguu: Amin alikuwa mtu wa kufika, kusogea, kuingia pasipoingilika. Waandishi wa zama zile walijifunza kutembea kwa sababu lenzi haikuwatembelea. Hata kamera za sinema za milimita 16, kama Bolex ya Uswisi, nyingi zilikuwa na kisahani cha kuzungusha chenye lenzi tatu: ya karibu, ya kati na ya mbali.

Ugomvi wenyewe ulianza mwaka 1959. Voigtländer ya Ujerumani ilitoa Zoomar, zumu ya kwanza kuuzwa kwa kamera za picha mnato za milimita 35, kutoka milimita 36 hadi 82. Aliyeibuni ni Frank Back, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani na kupata jina kwa zumu za televisheni. Wapiga picha waliishangaa, ila wengi hawakuinunua.

Mwaka 1963 Nikon ya Japani ikaleta ya kwake ya milimita 43 hadi 86, ndogo, nyepesi, ya bei ya kuvumilika. Hiyo ilinunuliwa kwa wingi, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Ukipiga picha ya nyumba, ukuta ulionyooka unatoka umepinda kama ubavu wa pipa. Jua likiwa mbele yako, picha inafunikwa na ukungu mweupe. Pembeni mwa picha, sura za watu hazieleweki. Lenzi ile iliuzwa kwa miaka mingi na kwa miaka mingi ikaichafulia jina familia nzima ya zumu. Mtu wa kazi ukimtajia zumu, anakujibu kwamba hicho ni kifaa cha watalii. Nikon waliibuni upya miaka ya 1970 na ikawa nzuri zaidi, lakini sifa mbaya ilishatangulia. Wazee wengi wanaozikataa zumu leo wamerithi hukumu ile bila kujua ilitolewa dhidi ya lenzi gani.

Baadaye kompyuta zilisaidia wabunifu, vioo vikaboreka, na kufikia miaka ya 1990 zumu za f/2.8 (namba hiyo ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi unaingia) zilikuwa mikononi mwa waandishi wa habari duniani kote. Mwaka 2007 Nikon ilitoa ya milimita 14 hadi 24 ambayo wapimaji wengi walikiri kwamba inazishinda praimu za upana huo. Mwaka 2018 Canon ikatoa ya 28 hadi 70 yenye f/2, kwa dola karibu 3,000.

Sasa turudi kwetu. Mdundiko ukipita Kisarawe hausimami kumsubiri mtu abadilishe lenzi. Ngoma inatembea, vumbi linapanda, na sensa ya kamera ikiachwa wazi hata dakika moja inaingia vumbi. Hapo zumu nzuri imeshinda. Ukumbini Kibaha pia, kwenye sendofu, MC anapoita keki na kamati imeziba njia, mwenye zumu anapata picha na mwenye praimu anapata migongo.

Giza lina hesabu nyingine. Praimu ya f/1.4 inaingiza mwanga mara nne ya zumu ya f/2.8, na mara mbili ya ile Canon ya f/2. Ingia machimbo ya kaolini ya Pugu jioni popo wanapotoka ndipo utajua maana yake. Kisha kuna mfuko na shingo: Canon ile ina gramu 1,430, wakati milimita 50 ya f/1.8 waliyoitoa mwaka 2015 ina gramu 160 na ilianza kuuzwa kwa dola 125. Kijana wa Mlandizi anayeanza kazi aanze na hiyo. Zumu ataipata akishajifunza kusogea.

Kinachoniuma si lenzi bali negativu. Zanzibar, familia ya Oza ilizitunza picha zake, na watu wakazifuata kutoka mbali kuzitazama. Za studio za Kibaha na Kisarawe zimelala kwenye maboksi ya watoto wa wapiga picha, zinashikana kwa unyevu. Halmashauri zetu zina maofisa utamaduni. Wazikusanye na kuziskani sasa, wangali hai wanaoweza kutaja majina ya waliomo. Na wewe uliyerithi boksi la baba, usilitupe.