Hesabu ya Mwewe katika Mlango wa Messina

Tai, mwewe na ndege wengine wawindao huiogopa bahari, na sababu yake ni hewa. Nchi kavu ikipigwa na jua hutoa hewa ya joto inayopanda, na ndege mwenye mabawa mapana huitumia kujiinua bila kutumia nguvu nyingi, kisha huteleza mbele hadi apate hewa nyingine ipandayo. Juu ya bahari hewa ya namna hiyo ni haba, kwa hiyo hulazimika kupiga mabawa mfululizo, na nguvu humwishia upesi. Ndiyo maana ndege hawa wanaporudi Ulaya kutoka Afrika, kati ya Machi na Mei, wengi hutafuta mahali ambapo maji ni membamba. Baadhi huvukia Gibraltar, wengine huizunguka bahari kwa kupitia Suez, na kundi la tatu hushika njia ya katikati, kutoka Tunisia hadi kisiwa cha Sisilia na kuingia Italia bara.

Njia hii ya katikati ni ngumu. Kutoka Rasi ya Bon, kaskazini mwa Tunisia, hadi Sisilia kuna bahari ya kilomita 140 hivi, na ndege huifikia wakiwa wamekwisha kuvuka jangwa la Sahara. Wakishafika kisiwani huelekea pembe ya kaskazini-mashariki, hupita juu ya milima ya Peloritani, kisha huvuka Mlango wa Messina, ambao mahali pembamba zaidi una upana wa kilomita tatu tu. Upande wa pili ni mkoa wa Calabria. Anayepita kwa wingi zaidi ni aina ya mwewe anayeishi kwa kula mabuu ya nyigu, na wenyeji humwita adorno. Ndege wa aina hii huzaliana katika misitu ya Ulaya, na miezi ya baridi huimalizia katika misitu ya Afrika Magharibi na Kongo. Upepo wa kaskazini ukiwakabili hulazimika kuruka chini sana, karibu na migongo ya milima, wakiwa wamechoka.

Kwa mtu mwenye bunduki, hakuna shabaha rahisi kuliko hiyo. Kwa vizazi vingi wanaume wa pande zote mbili za mlango waliwapiga adorno kila majira ya kuchipua. Chakula hakikuwa sababu kubwa. Kulikuwa na imani kwamba mwanamume asiyeua hata adorno mmoja katika msimu atasalitiwa na mkewe, na aibu hiyo iliwatisha watu kuliko faini. Upande wa Calabria wengine walijenga vibanda vya zege mlimani, wakajificha humo kusubiri makundi.

Madhara yake yalizidi idadi ya mizoga. Mwewe hawa wakizaliwa huenda Afrika na kubaki huko mwaka mzima au zaidi kabla ya kurudi, kwa hiyo wanaopita Messina mwezi wa Mei karibu wote ni wakubwa walio njiani kwenda kutaga. Jike hutaga kwa kawaida mayai mawili tu kwa mwaka. Kumuua ndege wakati huo ni kuua pia kizazi cha mwaka huo, na pengo lake huchukua muda mrefu kuzibika.

Italia ilitunga sheria ya kuwalinda ndege wawindao mwaka 1977, na mwaka 1979 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo lililokataza kuwinda ndege wakiwa safarini kurudi mazalioni. Milimani, hata hivyo, bunduki ziliendelea kulia. Askari walikuwa wachache, na aliyevunja sheria alikuwa jirani au ndugu.

Mwaka 1981 msichana wa Messina mwenye umri wa miaka 15, Anna Giordano, alishuhudia mauaji hayo mlimani na akaamua kuyapinga. Miaka michache baadaye kambi ya watu wa kujitolea ilianzishwa katika Peloritani, na wageni kutoka sehemu nyingine za Italia na nchi nyingine za Ulaya wakaja kuungana na wenyeji. Kazi yao ilikuwa kukaa kileleni tangu asubuhi hadi jioni na darubini, kumtambua kila ndege kwa umbo la mabawa na mkia, na kuandika aina, idadi, saa na upande alikoelekea. Saa ni muhimu, kwa sababu kundi lililoonwa katika kilele kimoja laweza kuonwa tena katika kingine, na asiyelinganisha saa atalihesabu mara mbili.

Waliandika pia kila mlio wa bunduki. Kwa maoni yangu hapa ndipo palipo na ubora wa kazi yao. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1984 walihesabu ndege zaidi ya 3,000, na wakasikia milio zaidi ya 1,000. Kabla ya hapo ujangili huo ulikuwa jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyeweza kulithibitisha. Sasa ulikuwa na tarehe, saa na mahali, na mwenye mamlaka hakuweza tena kusema hakuna kitu. Wawindaji walielewa hatari hiyo. Mwaka 1986 gari la Giordano lilichomwa moto. Hakuacha, na mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Kufikia mwisho wa karne ya 20 hesabu ya msimu mmoja ilikuwa imepita ndege 25,000, na milio ya bunduki upande wa Sisilia ilikuwa imepungua kabisa. Je, ndege waliongezeka mara nane? Haiwezekani. Ndege anayetaga mayai mawili hawezi kuongezeka hivyo kwa miaka 15. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na watazamaji wengi zaidi, vilele vingi zaidi na siku nyingi zaidi za kazi. Milio ya bunduki ni jambo jingine, kwa maana masikio yaliongezeka na bado milio ikapungua.

Kwa nini ilipungua? Wapo wanaosema imani ilikufa yenyewe pamoja na wazee, na kweli vijana wa mjini hawaijali. Wengine huitaja sheria, lakini tumekwisha kuona kwamba sheria ilikuwapo kwa miaka mingi bila kuzaa matunda. Kilichobadilika ghafla katika miaka ya 1980 ni kuwapo kwa mashahidi mlimani kila siku ya msimu, na askari waliotumwa kwa sababu ya ushahidi wao. Kwangu hiyo ndiyo sababu yenye uzito zaidi, ingawa kufifia kwa imani kuliirahisisha kazi.

Upande wa Calabria mambo yalikwenda polepole zaidi. Huko kikosi cha askari wa misitu kilipewa operesheni ya kila mwaka iliyobeba jina la ndege mwenyewe, Adorno, na watu wa kujitolea walipiga kambi zao karibu nacho. Mwaka 2017 askari hao waliunganishwa na jeshi la Carabinieri, na operesheni ikaendelea, kwa kuwa majangili hawajaisha wote.