KUTOKA BARABARA YA NAMANGA MPAKA BARAFU YA ANTAKTIKA: Historia ya watu wasiotajwa majina

Ukikaa pembeni ya barabara kuu pale Oldonyo Sambu asubuhi, gari za utalii zinapita mpaka unachoka kuhesabu. Zingine zinatoka Arusha kwenda Longido na Namanga, zingine zinarudi kutoka mpakani na wageni waliolala Nairobi. Vioo vimefungwa, vumbi na upepo wa Meru haviwapati. Mara moja moja ndani ya hizo gari yupo mzee wa Kizungu kavaa jaketi zito jekundu lenye nembo ya meli, na dereva anabaki kujiuliza: huyu jaketi la baridi namna hii alilipata wapi?

Jibu ni Antaktika. Ni kawaida kabisa mtu mwenye hela zake kwenda kuangalia pengwini kule chini ya dunia mwaka huu, halafu mwaka unaofuata akaja kuangalia simba Serengeti. Lakini undugu wa hizo safari mbili hauishii kwenye jaketi. Ni wa damu kabisa, na una zaidi ya miaka 100.

JINA LA ANTAKTIKA JUU YA KIBO

Ukiipita Oldonyo Sambu ukaelekea Longido, siku ikiwa safi Kibo inaonekana vizuri tu. Upande wa magharibi wa Kibo, huu unaotazama huku kwetu, kuna barafu inaitwa Drygalski. Sio jina la Kichaga wala la Kimaasai. Erich von Drygalski ni Mjerumani aliyeenda kuchunguza barafu ya Greenland, halafu mwaka 1901 mpaka 1903 akaongoza msafara wa kwanza wa Ujerumani kwenda Antaktika kwa meli iliyoitwa Gauss.

Sasa jina lake limefikaje huku? Hans Meyer alifika kileleni Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 akiwa na mwenzake Ludwig Purtscheller. Enzi hizo Wajerumani ndio walikuwa wameishika nchi, wakaanza kugawa majina ya marafiki na wataalamu wao kwa kila kipande cha barafu: Ratzel, Penck, Credner, Drygalski. Yaani kama mtu anayegawa viti kwenye harusi.

Lakini Meyer hakujibebea mahema. Nyuma yake kulikuwa na msururu wa wapagazi waliotoka pwani kwa miguu, wamebeba chakula, vyombo vya kupimia na blanketi. Wapo wachache waliokumbukwa, kama Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye kwenye maadhimisho ya miaka 100 mwaka 1989 ndio alitambuliwa rasmi kuwa aliongoza njia. Wengine je? Hakuna barafu yenye jina la mpagazi hata mmoja.

ABERCROMBIE HAKUWEPO

Turuke mpaka mwaka 1962, Nairobi. Kijana anaitwa Geoffrey Kent, pamoja na wazazi wake, wakafungua kampuni ya safari wakaiita Abercrombie & Kent. Kent ni wao wenyewe. Abercrombie ni nani? Hakuna mtu! Familia ilitaka tu jina linaloanzia na herufi A ili kampuni itokee juu kwenye orodha, basi wakalichagua hilo.

Geoffrey mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba kati ya vitu vichache walivyoanza navyo ilikuwepo ndoo ya fedha ya kuwekea barafu. Hebu fikiria. Katikati ya pori, jua linawaka, mgeni anapewa kinywaji cha baridi. Hiyo barafu kuna mtu aliifunga isiyeyuke, kuna aliyeendesha gari kwenye makorongo, kuna mpishi aliyeamka saa kumi usiku kukoka moto. Mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa amepewa jina kwenye bango la kampuni, na hao walioamka saa kumi hawamo.

Miaka minne baadaye, mwaka 1966, Lars-Eric Lindblad, Mswidi aliyehamia Marekani, akapeleka kundi la watalii Antaktika. Hiyo ndiyo inahesabiwa kuwa mwanzo wa hizi safari za meli za kitalii tunazozisikia leo. Mwaka 1969 akapata meli yake mwenyewe, ndogo, iliyojengwa Finland mahsusi kwa kazi hiyo, ikaitwa Lindblad Explorer. Na Lindblad huyohuyo alikuwa anapeleka watalii Afrika Mashariki pia.

Sasa sikia hii. Miaka ya 1990 meli hiyo, ikiwa imebaki na jina la Explorer tu, ilikuwa inaendeshwa na nani? Abercrombie & Kent. Kampuni iliyozaliwa Nairobi, mwisho wa barabara hii inayopita Oldonyo Sambu, ndiyo ilikuwa inapeleka watu kwenye barafu ya kusini.

SAFARI NI ILEILE, MNYAMA NDIYE TOFAUTI

Ukiangalia safari ya Antaktika inavyopangwa, dereva yeyote wa Arusha ataielewa bila kufundishwa. Kwanza msimu. Meli zinaenda kuanzia Novemba mpaka Machi, maana huko ndio kiangazi na bahari inafunguka. Huku nako mgeni anaambiwa mapema nyumbu watakuwa wapi mwezi gani.

Pili, mahali pa kuanzia. Wengi wanapandia meli Ushuaia, mji wa kusini kabisa mwa Argentina, kama wageni wetu wanavyoanzia Arusha. Kutoka pale ni kama siku mbili kuvuka bahari ya Drake, na mawimbi yake sio ya mchezo. Mgeni wa huku analalamika mashimo ya barabara, wa kule anashika ndoo ya kutapikia.

Tatu, masharti. Kampuni za Antaktika ziliunda umoja wao mwaka 1991. Watu wanaoshuka nchi kavu sehemu moja hawazidi 100 kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Unasafishwa viatu usije ukapeleka mbegu ngeni, na pengwini humsogelei chini ya mita 5. Huku hushuki kwenye gari ovyo na huachi njia kukimbilia duma. Kule boti za mpira, huku Land Cruiser. Jioni kule mtaalamu anaeleza juu ya nyangumi, huku dereva anaeleza juu ya chui mbele ya moto.

Hata ile kukatika kwa safari tunaijua. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na magari ya kampuni za Kenya yaliyokuwa huku yakazuiwa. Kwa watalii wa kutoka Nairobi barabara hii ya Namanga ikawa imekufa mpaka 1983. Barafu inafunga bahari, siasa inafunga barabara, na anayelala njaa ni yuleyule mpishi na dereva.

BARAFU ILIYOSHUKA MGONGONI

Mwaka 2000 ukaja msafara mwingine. Mwanasayansi Lonnie Thompson na timu yake kutoka Marekani walipanda Kibo na mashine za kutoboa, wakatoa nguzo 6 za barafu. Barafu ya chini kabisa waliikadiria kuwa na miaka zaidi ya 11,000. Matokeo yalipotoka mwaka 2002 dunia ikashtuka: tangu 1912, kama asilimia 80 ya barafu ya Kibo ilikuwa imekwisha.

Hiyo kazi nayo ilitegemea wapagazi, wagumu kama wanavyojiita wenyewe. Barafu ikaenda Ohio, kwenye kituo cha utafiti wa ncha za dunia chenye jina la Byrd, Mmarekani aliyeruka na ndege juu ya Ncha ya Kusini mwaka 1929. Yaani barafu ya Kilimanjaro inatunzwa kwenye nyumba ya Antaktika. Imerudi kwa ndugu zake, na waliohangaika nayo mlimani wakarudi Moshi na Marangu kusubiri mgeni mwingine.

MWISHO WA MELI

Explorer haipo tena. Tarehe 23 Novemba 2007, ikiwa mikononi mwa kampuni nyingine, iligonga barafu karibu na visiwa vya Shetland ya Kusini ikazama. Watu wote 154 waliokolewa. Na kila mmoja, abiria na mfanyakazi, alikuwa kwenye orodha na alihesabiwa.

Hilo ndilo linalokosekana kwenye historia ya safari zetu. Barafu ya Drygalski inaisha, siku moja hata jina lenyewe litakosa pa kukaa. Lakini wazee waliopika, walioendesha na waliobeba kwa ajili ya kampuni za safari miaka ya 60 na 70 bado wapo wachache, Oldonyo Sambu, Ngaramtoni, Usa River, Namanga.

Mdau, kama babu yako au baba yako alifanya hizo kazi, andika jina lake hapo chini na alikuwa anafanya nini. Hata kama ni mstari mmoja. Abercrombie amepewa nafasi bila kuwepo, babu yako aliyekuwepo anakosaje?